Tulidhani tumejenga chumba cha juu, kumbe tumejenga tanuri

Fundi wa AC alivua viatu mlangoni, akaingia, hakutoa tepu wala hakuuliza chumba kina ukubwa gani. Alivuta kile kiti cha plastiki cha Nasri, akapanda, akabandika kiganja kwenye plaibodi ya silingi. Akakitoa mbio kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Akashuka, akanitazama. "Mamake Nasri, ukinunua AC leo utakuwa unapoza mabati, si chumba."

Nilikuwa nshapata bei tayari, ya mashine ya BTU 18,000 (BTU ndo kipimo cha nguvu ya AC), na mume wangu ashaongea na mtu wa kukopa. Basi nimeona niandike hii kwa wote mnaoniuliza inboksi "mlifanyaje na lile joto la juu", maanake kila mwaka ikifika Februari naulizwa swali lilelile na jibu ni refu, halikai kwenye voisi noti.

Sisi tuko mtaa wa Langoni hapa Amu, yaani Lamu mjini. Nyumba ya chini ni ya babu, ya zamani, kuta za matumbawe na chokaa, ukinyoosha mkono dirishani kutoka ndani mpaka kiwiko ndio vidole vinatokea nje. Huko chini hatujawahi kuwaza mambo ya AC. Jua linapiga ule ukuta mchana kutwa na mpaka joto lijikokote lifike ndani ishakuwa usiku, na usiku kuna upepo. Vyumba ni virefu vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi sana zaidi ya mita 3, kwa hiyo wazee walijenga kwa kipimo cha mti. Madirisha machache, kiwanda, yaani ua wa katikati, kiko wazi juu, hewa moto inapandia hapo inaenda zake. Waliosoma wanakuja kupiga picha na kuandika, sisi tunalala tu.

Sasa mama magoti yakaanza kumsumbua, kulala kwake kulikuwa kule juu kwa ngazi nyembamba, tukaona ahamie chumba chetu cha chini na sisi tujenge kimoja juu ya dari. Mita 3 kwa 4 na nusu. Mabloku ya saruji, mabati, plaibodi imepigiliwa hapohapo chini ya mabati bila nafasi, madirisha mawili ya vioo vya kusukuma, yote upande mmoja kwa sababu upande wa pili tulitaka kuweka kabati. Fundi wa ujenzi alimaliza kwa wiki tano. Mama alitazama akasema neno moja tu, "Yuu ni kwa kuanika nguo na kupunga upepo magharibi, si kwa kulala mtana." Nikamwambia mama, watu siku hizi wanalala juu. Akanyamaza, na mama akinyamaza ujue ashamaliza kesi.

Tulihamia mwezi wa saba, kusi limeshika, usiku mpaka tunajifunika shuka mbili. Nikajisifu sana walahi. Nikapiga picha pazia linavyopepea nikaweka status.

Halafu kusi likaisha, kaskazi likaingia, na ile Machi ambayo kaskazi linakufa na kusi bado halijaja, bahari imetulia kama mafuta, ndo nikajua tumefanya nini. Nilinunua kipimajoto cha kutundika ukutani. Saa tisa alasiri barabarani kivulini ilikuwa 32, ndani ya chumba 39. Saa nne usiku bado 34. Yaani nje kushapoa na ndani bado kunapika, kwa sababu bloku nazo zilikuwa zimejishibisha joto kutwa nzima na sasa zinalitapika juu yetu. Nasri akachukua mto akaenda kulala kwa bibi yake. Wiki ya pili baba yake akamfuata.

Tulianza na pangaboi, kama kila mtu. Pangaboi halipoozi chumba, hilo nalisema kwa herufi kubwa. Linapooza mtu. Linasukuma hewa kwenye ngozi, jasho linakauka, unahisi afadhali, ila chumba kina joto lilelile na hata mota yake inaongeza kidogo, kwa hiyo ukitoka ukaliacha linazunguka peke yake umeliacha linakula stima bure. Hewa ikiwa 30 au 32 pangaboi ni rafiki wa kweli. Ikifika 38, 39, inakuwa karibia sawa na ngozi yako au kupita, basi unapulizwa na pua ya ng'ombe.

Kisha nikafanya la aibu. Kuna mtu alikuwa anauza ile mashine ya kupoza kwa maji, ina tangi chini, unatia maji na barafu, inapuliza hewa kupitia sifongo. Nilinunua, nikabeba barafu kutoka kwa wauza samaki. Saa moja ya kwanza ilikuwa Peponi. Mpaka asubuhi shuka zilikuwa zimelowa kama zimeanuliwa kabla hazijakauka, mlango wa kabati umevimba haufungi, na Kurani ya msahafu mdogo kurasa zimejikunja. Ile mashine inafanya kazi ya maana kule bara kukavu, Garissa, Turkana, kwa sababu hewa kavu inakunywa maji na ikinywa inapoa. Hapa Amu hewa ishakunywa imetosheka, bahari iko hapo mlangoni. Ukiiongezea maji haipoi, inakuwa supu. Niliiuza kwa hasara kwa mtu anayesafiri kwenda bara na sikumdanganya.

Hapo ndo nikampigia Mudi, mtoto wa mamangu mdogo, yuko Minneapolis miaka mingi sasa. Nilimpigia kumlilia joto, kumbe na yeye yuko katikati ya kuongeza chumba nyuma ya nyumba yake na analia baridi. Huko Januari inashuka mpaka chini ya sifuri nyuzi 20 na zaidi. Tukaanza kutumiana voisi noti kila siku, mimi nyuma yangu kuna adhana na punda, yeye nyuma yake kuna upepo unalia vuuu.

Nyumba yake ina tanuru la gesi chini, linapasha hewa na kuisukuma kwa mabomba ya bati mpaka kila chumba. Fundi wa kwanza akamwambia turefushe bomba tu lifike chumba kipya. Inaonekana rahisi, lakini lile tanuru lilipimwa kwa nyumba ya zamani, ukilivutia chumba kingine inawezekana likalemewa, na hata lisipolemewa hewa inayofika mwisho wa bomba ni ya kubembeleza, chumba kipya kinabaki baridi na sebule inaanza kulalamika. Fundi wa pili akamwambia weka hita za umeme za chini ya ukuta. Hizo kuzinunua ni rahisi na kuzifunga ni rahisi, bili ndo haina huruma, maanake yuniti moja ya stima inakupa yuniti moja ya joto, basi, hakuna nyongeza. Wa tatu akasema weka spliti, AC kama hizi hizi za kwetu, ila za kupasha.

Mimi nikacheka. AC ya kupasha? Mudi akanieleza na hapa ndo akili yangu ilifunguka, kwa hiyo nisikilizeni. AC haitengenezi baridi. Hakuna mashine inayotengeneza baridi. AC inabeba joto kutoka upande mmoja inalimwaga upande mwingine, kama mpagazi tu. Kuna gesi ndani ya mabomba ya shaba, kompresa inaikamua, ikipita huku inafyonza joto, ikipita kule inalitema. Kwetu inatoa ndani inatupa nje. Kwake inageuzwa, inatoa nje inaleta ndani, hata nje kukiwa na theluji, kwa sababu hewa ya baridi nayo ina joto lake, ni dogo lakini lipo. Na kwa sababu inabeba tu, haiumbi, yuniti moja ya stima inaweza kubeba yuniti 3 za joto siku ambayo hali si mbaya. Baridi ikizidi sana inachoka, mzigo unapungua, ndo maana huko wananunua zilizotengenezwa kwa baridi kali na wengi wanabakisha tanuru la zamani kama akiba.

Lakini kabla hajanunua chochote alikuja mtu wa kupima nyumba, akamtolea blowa ya kupima hewa inapopenya na kamera ya joto, akamwonyesha dari la chumba kipya halina kizuizi cha joto cha kutosha na pembeni ya dirisha kuna upenyo wa kuingia kidole. Akamwambia ziba kwanza, halafu upime, halafu ndo ununue, na utanunua ndogo. Mudi alinitumia hiyo voisi noti usiku wa Alhamisi. Jumamosi yake ndo fundi wangu akapanda kwenye kiti cha Nasri. Sjui kama walikuwa wameongea hawa!

Basi tukarudi kwenye mabati. Bati la jua kali la saa saba linaweza kufika nyuzi 60 na kitu, na plaibodi ikiwa imeligusa, ile silingi nzima inageuka kuwa pasi iliyoning'inia juu ya kitanda. Hutaiona ikiwaka ila kichwa kinaiona. Fundi alinipa njia mbili: kushusha silingi ili kuwe na nafasi yenye matundu ya kupumua, au kulitia bati kivuli. Mume wangu akataka rangi nyeupe tu, ni rahisi, na kweli rangi nyeupe inasaidia, jirani yetu wa kule Mkomani kapaka na ameona tofauti, lakini hapa na vumbi na kinyesi cha kunguru, mwaka mmoja nyeupe ishakuwa kijivu.

Tukaamua vyote. Silingi tukaishusha karibu shibiri moja na nusu, tukaacha matundu yenye wavu pande mbili ili hewa moto itoke. Na juu ya mabati tukaezeka makuti. Nilijua watu watanicheka, nani anaezeka makuti juu ya bati? Kumbe wengi tu, hasa kule Shela kwenye majumba ya wageni, nje unaona makuti ya kizamani, chini yake kuna bati limejificha. Bati linazuia mvua, makuti yanazuia jua, na katikati upepo unapita. Fundi wa makuti, mzee mmoja kutoka Mpeketoni kule bara, aliweka fito kwanza zikanyanyuka juu ya bati kiasi cha mkono kupita, halafu ndo akaanza kufunga kuti baada ya kuti kutoka chini kwenda juu, kila moja linalalia la chini yake. Alikuwa anazibananisha sana nikamwuliza si tutaishiwa mapema, akasema "dada, kuti likipigwa mbali mbali hilo si paa, hilo ni chekecheke". Kila miaka mitano hivi itabidi tuezeke tena, hilo nimelikubali. La moto sijalikubali, linanitisha mpaka leo, nyumba zetu zimebanana kama meno. Meko ya mkaa ya juu tumeiondoa kabisa na pipa la maji halikauki.

Kitu cha tatu, na hiki nusura tukisahau: madirisha. Upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Madirisha yetu yote yalikuwa upande mmoja. Tukaitoa kabati, tukatoboa ukuta wa pili, tukaweka mabloku ya matundu juu karibu na silingi na dirisha la mbao chini. Sasa kaskazi likija linaingia hapa linatokea kule, kusi likija linafanya kinyume. Fundi wa ujenzi, yule yule, alikuja kutoboa ukuta alioujenga mwenyewe na akatulipisha tena. Sina la kusema.

Machi iliyofuata, kipimajoto kilekile, ukutani palepale, saa tisa alasiri, 33. Usiku saa nne 30 na pangaboi linatosha siku nyingi. Makuti, mbao na kutoboa ukuta vilikula pesa, ila vilikuwa chini ya ile mashine ya 18,000 na ufungaji wake, tulijumlisha mimi na mume wangu mpaka tukagombana kwa furaha.

AC tulinunua hatimaye, sitaki kudanganya mtu. Kuna zile siku kama 20 au 30 kwa mwaka ambazo hakuna jani linatikisika, na mume wangu ana kazi za kompyuta juu kule. Lakini tulinunua ya BTU 9,000, ya inveta, ile inayopunguza kasi yenyewe badala ya kuwaka na kuzima. Yule wa kwanza aliyetupigia hesabu ya 18,000 hakuwa amepima, aliangalia mabati akaogopa. Kubwa kuliko chumba ina ubaya wake mwingine: inapoza kwa dakika chache inazima, haipati muda wa kukausha hewa, unabaki na baridi yenye unyevu kama ndani ya kisima, na ukutani kuvu linaanza. Ndogo inayokwenda polepole inakausha vizuri zaidi.

Kwenye stima, hesabu yangu ya kienyeji ni hii. Pangaboi letu linakula wati 70, usiku wa saa 10 ni yuniti 0.7, na yuniti kwetu ukitia kodi zote inakaribia shilingi 30, kwa hiyo ni kama shilingi 20. AC ya 9,000 ikikimbia kwa nguvu inakula kama wati 800, saa 8 mfululizo ni yuniti 6 na zaidi, karibu shilingi 190 kwa usiku mmoja. Ya inveta chumba kikishapoa inashusha pumzi, inakuja nusu au chini. Tunaiweka 26 na pangaboi la taratibu juu yake, si 18. Wanaoweka 18 halafu wanajifunika blanketi mimi huwa siwaelewi.

Na chumvi. Hapa kila kitu cha chuma kinaliwa. Mkono wa kushikilia mashine ya nje tulifunga wa chuma kisichoshika kutu, na kila mwezi naimwagia mashine maji ya mvua, si ya kisima, kisima chetu ni cha chumvi. Jirani mmoja hakuosha hata siku moja, mapezi yake ya alumini yamegeuka unga mweupe kwa miaka miwili.

Mashine ya nje yenyewe ilituletea kesi. Mara ya kwanza waliifunga upande wa njia, na njia yetu mnaijua, punda mwenye mzigo wa mchanga akipita unajibandika ukutani. Ikawa inapuliza joto letu lote moja kwa moja dirishani kwa jirani ng'ambo, halafu inadondosha maji vichwani mwa wapitaji. Siku ya tatu jirani alinisimamisha. "Mwanangu, joto lenu mumelitoa kwenu mumelileta kwangu." Sikuwa na jibu maana ndivyo hasa inavyofanya kazi, aliieleza vizuri kuliko Mudi. Nikamwomba radhi na sahani ya mahamri, tukaihamishia juu ya dari ambako inapuliza angani. Na nyinyi mlio ndani ya eneo la hifadhi la Mji wa Kale, ule ulioingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, msijipachikie tu mashine ukutani upande wa barabara, kaulizeni kwanza.

Kingine, tumebakiza madirisha ya kufunguka. Stima ikikatika saa nane ya usiku, na inakatika, chumba kilichozibwa kwa ajili ya AC tu ni kaburi.

Ya mama sasa. Siku moja alipanda juu, taratibu, ngazi moja moja, ati anataka kuona hicho kitu kilichokula pesa. Nikamwachia rimoti nikashuka kupika. Baada ya nusu saa nasikia "Mwanangu ndoo!", yaani njoo kwa Kiamu. Napanda nakuta chumba kinafuka, mama jasho linamtiririka, AC inapuliza hewa ya moto. Alikuwa amebonyeza alama ya jua. "Si ni mtana?" akaniambia, "nikaona hii ndiyo ya mtana." Kumbe mashine yetu ni ya pande zote mbili, kama ya Mudi, inabeba joto kuja na kwenda, ila hakuna aliyewahi kuigeuza hapa. Nilimpigia Mudi nikamweleza, alicheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa ameiwasha hiyohiyo alama ya jua tangu Novemba.

Limebaki jambo moja tu halijaisha. Bomba la maji ya AC linamwaga kwenye ndoo juu ya dari, kwa usiku mmoja wa Machi ndoo ya lita 10 inapita nusu. Fundi amesema mara mbili atakuja kulielekeza bomba kwenye mfereji. Mama amemkataza. Amepata maji ya bure yasiyo na chumvi, kila asubuhi Nasri anamteremshia ndoo anamwagia asumini yake kiwandani, na anasema hajawahi kuiona ikichanua hivi.